Kugonga kwa Saa Moja Asubuhi

Parashkeva alihamia ghorofa ya tatu ya jengo la wafumaji mwanzoni mwa Septemba, siku ya Jumatatu. Alikuja na masanduku mawili, redio, kinu cha mbao na mchi wake, gunia la jozi kutoka kwenye mti wa uani kwake, na picha ya marehemu mumewe, Nayden, aliyoizungushia taulo mbili ili kioo kisipasuke njiani. Mwanawe Plamen ndiye aliyepandisha mizigo. Plamen anaishi Valencia, huko Uhispania, kazi yake kupaka rangi nyumba za watu, na kwa siku tatu alizokaa na mama yake alipaka jiko zima, akapaka hata nyuma ya mlango ambako kulikuwa na makaratasi ya zamani yaliyogandamana na mbao zake. Alimwandikia namba za simu kwa herufi kubwa, akazibandika kwenye friji. Alhamisi akaaga.

Kabla ya kuaga walikubaliana jambo. Au tuseme Plamen alisema na mama yake akanyamaza, maana ndivyo wanavyokubaliana wawili hao tangu Plamen akiwa na miaka kumi na minane.

"Mama, mimi sikulazimishi," alimwambia, bado ana rangi kwenye kucha. "Lakini majira ya baridi yale ulianguka ukalala kando ya kisima saa tatu nzima mpaka mwenye gari la mkate akakukuta. Saa tatu, mama, kwenye theluji. Basi jaribu hapa mjini, mpaka Jumapili inayofuata sikukuu ya jina lako. Ukiweza kunitajia mtu mmoja tu, mmoja, ambaye atajua kwamba umeanguka, unabaki. Ukikosa, nyumba hii naiuza na unakuja kwetu."

Parashkeva alikuwa ameshafika Valencia mara moja. Alikaa wiki mbili kwenye roshani ya ghorofa ya nane, wajukuu wakimsemesha polepole kama wanaoongea na kiziwi, mkwewe akimpa matunda asiyojua yanamenywa vipi. Walimtendea wema, hakuna alichokosa. Lakini Nayden yuko Varovitsa, kijijini, kando ya ukuta wa makaburi, chini ya mti mchanga wa plamu, na kutoka mjini basi ni dakika ishirini tu. Kila Jumamosi Parashkeva huenda, huwasha mshumaa, humwaga divai kidogo juu ya kaburi, na kumweleza mumewe habari za wiki. Kutoka Valencia angemweleza nani?

Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipofungwa vijana walitawanyika, wengine mji mkuu, wengine ughaibuni, wakabaki waliostaafu. Siku hizi katika ghorofa zote tano hakuna mtu wa chini ya miaka sitini na minne, na huyo wa sitini na minne wenzake humwita kijana na kumtuma dukani. Chini kabisa, palipokuwa na duka la mboga, ndipo palipo na Klabu ya Wastaafu: meza nne, jiko la kuni, karata, kipimo cha presha, na Jumatano watu huimba.

Asubuhi ya Ijumaa, ya kwanza peke yake, Parashkeva aliamka saa kumi na moja kama alivyozoea kijijini. Alifagia pasipo na uchafu. Alichemsha kahawa. Kisha akaketi jikoni kwenye kigoda na kuanza kupasua jozi kwa nyundo, kok, kok, akizitia kwenye kinu. Saa moja kamili, bomba la pembeni likalia.

Ngo-ngo.

Mabomba yale ni ya zamani. Yalikuwa yakileta mvuke kutoka kiwandani na kuzipasha joto nyumba zote. Kiwanda kilipokufa mvuke nao ukakoma, na kila mtu akajitafutia jiko lake. Mabomba yenyewe yalibaki, matupu, yanapita kila jiko kuanzia ghorofa ya tano hadi chini, na kwa kuwa hayana kitu ndani, ukiyagusa kwa kijiko yanalia kama kengele.

Parashkeva alisimamisha nyundo hewani. Ngo-ngo, likalia tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Damu ikampanda usoni. Alijua maana yake. Miaka mingi nyuma alikaa majira mazima ya baridi kwa dada yake huko Pleven, katika jengo kama hili, na kule mtoto akilia, au redio ikipaa, au mtu akisukuma kabati, jirani alichukua kijiko akapiga bomba. Bomba likilia maana yake ni moja: hebu tulieni.

Aliweka nyundo chini taratibu, juu ya kitambaa. "Samahani," aliliambia bomba.

Kesho yake hakupasua kitu. Saa moja bomba likalia vilevile, kutoka juu, ngo-ngo, likanyamaza kidogo kama linasubiri, halafu tena ngo-ngo. Parashkeva alikuwa anatembea kutoka dirishani kwenda mezani. Akadhani ni viatu. Basi akanunua ndara za manyoya laini. Siku ya tatu akadhani ni redio, akaikunjia blanketi chini yake na kuipunguza sauti mpaka mtangazaji akawa kama anaongea ndani ya mto. Siku ya nne akachukua buti kuukuu za Nayden, akazikata vipande vya mpira kwa kisu cha mkate, akavibandika kwenye miguu ya viti vyote vinne, kimoja kimoja, kwa gundi.

Bomba likalia.

Siku ya tano, baada ya kulia, mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mnene mwenye nywele zilizotiwa hina, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nyuma yake alisimama mzee mrefu mwenye koti la reli. Mama alisema anaitwa Velika, anakaa ghorofa ya nne, hapo juu yake, na ndiye mwenyekiti wa klabu; na huyu ni Mzee Tseno wa ghorofa ya pili, aliyekuwa dereva wa treni.

"Jirani," Velika alianza, "tumekuja kuhusu kule kugonga kwetu kwa asubuhi. Labda hakuna aliyekuambia..."

Parashkeva aliwaza: Siku tano tu, na tayari ujumbe umekuja mlangoni, mwenyekiti mwenyewe na shahidi.

"Nimesikia, mama," alimkatiza, macho yakiwa kwenye ndara zake. "Nimesikia vizuri kabisa. Msijisumbue. Kuanzia leo hamtasikia chochote kutoka kwangu."

Akafunga mlango, polepole, kwa mikono miwili, ili usijibamize.

Tangu hapo aliishi kimya kama anayelinda mgonjwa. Saa moja ikikaribia alirudi kitandani, akajifunika hadi kidevuni, akakaa bila kujigeuza mpaka bomba limalize. Maana halikuacha. Lililia mara mbili kutoka juu, likasubiri, likalia tena mara mbili, halafu Velika akapiga kwa hasira hasa, mapigo mazito yaliyopita ukutani kwake kwenda chini, na kutoka chini Tseno akajibu. Wananisema, Parashkeva aliwaza chini ya blanketi. Yule wa juu na yule wa chini wananisema mimi niliye katikati.

Mara moja alishuka klabuni, Jumatano moja, akiwa amevaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani, vile mjane anavyovaa. Alikaa kwenye kiti cha kwanza kilicho wazi, karibu na jiko. Mtu akamwambia, kwa upole tu, kwamba hicho ni kiti cha Minko. Alisimama kana kwamba kimemuunguza. Minko hakuwepo, na hakuja jioni yote ile. Kiti kilikaa kitupu huku Parashkeva akiwa amesimama ukutani na mkoba wake. Alipanda ngazi kabla hawajamaliza wimbo wa pili.

Mwisho wa Septemba walichoma pilipili uani. Kila mwaka hufanya hivyo. Hutoa majiko yao ya kuchomea, huketi kwenye viti vya chini wakimenya ngozi zilizoungua, na sufuria kubwa hutokota kutwa nzima ikikorogwa kwa zamu mpaka iwe nzito na nyekundu, ndipo wajaze chupa za kula na mkate wakati wa baridi. Harufu ilipanda mpaka ghorofa ya tatu. Parashkeva alisimama nyuma ya pazia na kuwatazama. Alimwona Velika akimwekea Tseno kidoti cha pilipili puani na Tseno akiendelea kuongea kama hakuna kilichotokea. Yeye alikuwa na kreti nzima ya pilipili jikoni, alileta kutoka kijijini. Alizichoma peke yake, moja moja, juu ya moto mdogo, akizipindua kwa vidole ili koleo lisilie.

Oktoba ikaingia. Plamen alipiga simu kila Jumapili saa nne, na kila Jumapili aliuliza: Umepata mtu? Na mama yake alijibu kwamba hali ya hewa bado ni nzuri.

Tarehe kumi na nne Oktoba ni siku ya Mtakatifu Petka, na wote wanaoitwa Petka, Petko, Penka na Parashkeva hiyo ndiyo sikukuu yao. Sikukuu ya jina haina kualikana. Kumwalika mtu ni aibu, ni kama kuomba zawadi. Mwenye jina huandaa meza, huacha mlango bila komeo, hukaa. Na anayemkumbuka huja mwenyewe. Kijijini Parashkeva hakuwahi kuhesabu. Hata mwaka uliopita, wakiwa wamebaki watu saba Varovitsa nzima, walikuja wote saba, na mmoja alikuja na mbuzi wake kwa sababu hakuwa na wa kumwachia.

Alijiambia kwamba hatarajii mtu. Lakini mikono yake haikumsikiliza. Siku mbili kabla alikwenda kijijini, akarudi na kuku mzee aliyechinjwa na kunyonyolewa, na maboga mawili. Alimchemsha kuku kwa moto mdogo tangu alfajiri. Alifunga sarmi arobaini, wali na nyama ndani ya majani ya kabichi, kila moja ndogo kama kidole gumba, maana sarmi kubwa ni uvivu. Alitandaza unga mwembamba wa tikvenik, akanyunyiza boga na jozi na mdalasini, akauviringisha kama nyoka na kuuoka. Jozi alizisaga kwa chupa juu ya taulo, asitumie kinu. Alioka mkate wa mviringo. Alitoa rakia, pombe kali ya plamu aliyoipika Nayden mwenyewe mwaka wake wa mwisho, chupa moja iliyobaki. Alitandika kitambaa cheupe, akapanga sahani sita, akaona ni nyingi, akaondoa mbili, kisha akazirudisha.

Mlango aliuacha bila komeo. Akakaa.

Saa tano mtu alipanda ngazi, akapita. Saa nane mtu alishuka, na Parashkeva akasikia kabisa hatua zikisimama mbele ya mlango wake. Zilisimama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, halafu zikaendelea kushuka. Alasiri alipasha sarmi moto. Jua lilipozama alizipasha tena. Kisha akafunika meza nzima kwa kitambaa kingine, kama ilivyo, sahani sita na glasi sita, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuiondoa, akaenda kulala na gauni lake. Kabla ya usingizi aliamua. Jumapili Plamen akipiga atamwambia auze.

Asubuhi aliamka nje kunaanza kupambazuka. Hakurudi kujifunika. Alikaa jikoni mbele ya meza iliyofunikwa akaanza kufikiria ni vitu gani vitaingia kwenye masanduku mawili na vipi havitaingia. Kinu hakitaingia. Na nani atamwagia Nayden divai? Labda mwenye gari la mkate, akiombwa vizuri.

Saa moja. Ngo-ngo.

Parashkeva aliinua macho akalitazama bomba. Alikuwa hajasogeza kitu. Redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa amekaa tu, anapumua.

Ngo-ngo, likalia tena.

Mwanamke huyu katika miaka sabini na sita hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliinuka, akachukua mchi wa kinu, akalifuata bomba na kulipiga kwa nguvu zake zote. Ngo! Hiyo ilikuwa ya ndara. Ngo! Hiyo ya redio. Ngo! Na hiyo ilikuwa ya sarmi arobaini. Rangi mpya ya Plamen ikabanduka na kumdondokea mkononi.

Jengo lote lilinyamaza.

Halafu juu kitu kilianguka, mlango ukafunguka kwa kishindo, na chini mlango mwingine, na ngazi zikaanza kunguruma. Wanakuja kunitoa, Parashkeva aliwaza, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakuogopa. Alisimama katikati ya jiko na mchi wake mkononi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Tseno, amevaa suruali ya kulalia, ameshika mtaimbo. Aliuegemea mlango kwa bega lake lote akidhani umefungwa. Na kwa kuwa ulikuwa bila komeo tangu jana, alipitiliza ukumbini mpaka akakumbatia makoti. Nyuma yake akaja Velika, nywele kwenye vibiringisho, kipimo cha presha kwapani.

"Wapi panauma?" Velika aliuliza, akihema. "Kaa chini. Tseno, mletee maji. Umeanguka? Ni kifua?"

"Sijaanguka," alisema Parashkeva.

"Mbona umegonga mara tatu?"

"Kwa sababu nyinyi mnagonga kila siku." Aliunyoosha mchi kwenye ndara zake. "Nimenunua ndara. Nimekata viatu vya mume wangu nikavivalisha viti. Wiki sita sijagusa kinu. Mnataka nisipumue? Jumapili mtoto wangu anaiuza hii nyumba, mtapata kimya chenu."

Velika alimtazama. Akatazama miguu ya viti. Akainama, na kwa mwili ule kuinama ni kazi, akashika kipande cha mpira kwa vidole viwili. Alipoinuka alikuwa ameshajua, na alikaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa.

"Tseno," alisema polepole. "Wewe si ulimwambia?"

"Mimi? Mwenyekiti ni wewe. Nilijua umemwambia."

"Nilijua amesoma karatasi. Karatasi iko nyuma ya mlango, Rusalia, aliyekuwa akikaa hapa, aliibandika kabla hajahamia kwa binti yake, kila nyumba inayo."

Wote watatu waliutazama mlango wa jiko. Ulikuwa wa rangi ya krimu, unang'aa, hauna hata doa.

Ikabidi Velika aeleze, na alieleza bila haraka, kipimo cha presha mapajani. Miaka minne iliyopita Minko wa ghorofa ya kwanza alianguka bafuni, akalala sakafuni siku mbili, na wao wako klabuni wanacheza karata. Alipona, yuko kwa mwanawe sasa, na kiti chake wanakitunza kwa siku anayokuja kuwatembelea. Baada ya hapo waliapa. Kila siku saa moja Bibi Zlatina wa ghorofa ya tano, mwenye miaka tisini na moja, ambaye ndiye mkubwa wao, hugonga mara mbili: nimeamka, mzima. Velika akisikia hugonga mara mbili, wa tatu naye mara mbili, kisha Tseno, ambaye ndiye wa mwisho, na Tseno hushuka kwenda kuwasha jiko la klabu. Asiyejibu hugongewa tena. Na mara tatu maana yake njooni, haraka.

"Tulipokuja mlangoni ulituambia hatutasikia chochote kutoka kwako," alisema Tseno. "Tukasema haya, mtu amekataa. Nikamwambia Velika, huyu mama ana msimamo."

"Ulisema ana maringo," alisema Velika.

"Nilisema msimamo."

"Kwa hiyo ikabidi nikuruke kila siku," Velika aliendelea. "Unajua kazi ya kugonga mpaka ghorofa ya pili? Huyu mzee masikio yaliishia kwenye treni. Nimetoboa birika mbili za kahawa."

Parashkeva aliketi. Mchi bado ulikuwa mkononi. Aliwaza zile asubuhi zote alizokaa chini ya blanketi hajigeuzi, na kwamba kila asubuhi mtu alikuwa anamuuliza kama yu mzima, akimuuliza mara ya pili asipojibu.

Ni Tseno aliyeinua pembe ya kitambaa cha meza. Aliona sahani sita. Akaona tikvenik nzima, haijakatwa, na chupa. Akaishusha ile pembe kwa adabu kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Jana," alisema.

"Jana," alijibu Parashkeva.

Velika alivua miwani akaifuta. Alisema walijua. Klabu ina kalenda, majina yote yameandikwa. Tseno alikuwa ameshanyoa, ua limeshanunuliwa, liko chini kwenye meza ya karata mpaka sasa. Saa nane yeye mwenyewe alishuka akasimama pale mlangoni. Lakini mtu aliyesema hataki kusikika, na bado amevaa nyeusi, unaingiaje kwake? Walikaa klabuni mpaka jioni wakilitazama lile ua, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme twendeni.

"Mlango ulikuwa wazi," alisema Parashkeva.

"Sikuugusa," alisema Velika. "Nisamehe, dada. Sikuugusa."

Hapo ndipo waliposikia kitu ngazini. Tap, kimya, tap, kimya. Velika alishika kichwa. Katika zile mbio walikuwa wamemsahau Bibi Zlatina, ambaye hakuwa ameshuka ngazi tangu Pasaka. Aliingia akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na ufagio kwa mwingine, ameupindua kuwa fimbo, na kidoleni bado ana tondoo ya chuma ya kushonea anayogongea. Alikuwa mdogo mno, kama amekunjwa mara mbili. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, bibi," alisema Tseno. "Kuna tikvenik."

"Basi mngeniambia nivae meno."

Parashkeva alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, na kikageuka kidogo kuwa kilio, halafu kikarudi. Alivuta kitambaa cha juu. Alipasha sarmi moto kwa mara ya tatu, na sarmi ni chakula kisicholalamika, kila ukikipasha kinazidi utamu. Tseno alishuka kuleta ua, maua mekundu ya dirishani kwenye chungu cha udongo, na akamkabidhi akiwa na suruali yake ya kulalia na koti la reli juu, akisema miaka mingi, jirani, na jina lako uishi nalo. Velika alimpima kila mtu presha kabla ya rakia na hakumpima yeyote baada yake. Bibi Zlatina alichovya tikvenik kwenye kahawa na kula vipande vitatu bila meno. Alitaka kujua nani alipika rakia. Parashkeva akasimulia, na aliposimulia alitoa picha ya Nayden chumbani akaisimamisha kwenye sahani ya sita.

Jumapili hakungoja simu. Saa moja kasoro dakika tano alimpigia Plamen mwenyewe. Valencia ilikuwa bado haijatimia saa kumi na mbili.

"Mama?" Plamen alikuwa na sauti ya mtu aliyekurupuka. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nyamaza usikilize."

Aliiweka simu kwenye bomba. Walingoja, yeye jikoni na mwanawe ng'ambo kule gizani. Kisha kutoka mbali juu ikaja, nyembamba, ya tondoo: ngo-ngo. Ikafuata ya birika. Parashkeva akachukua mchi akagonga mara mbili, hakupiga kwa nguvu, na kutoka chini spana ya dereva wa treni ikajibu.

"Nini hicho, mama?"

"Uliniambia nikutajie mtu mmoja," alisema. "Wa kwanza ni Zlatina. Wa pili Velika. Wa tatu ni mimi. Wa mwisho anaitwa Tseno, na sasa anashuka kuwasha jiko."

 Plamen aliuliza kama ni kila siku. Kila siku, mama yake alijibu, hata sikukuu. Na nisipogonga wanakuja na mtaimbo, kwa hiyo kalale.

Alipokata simu alichukua kisu cha mkate, akapindua viti kimoja kimoja, akakwangua vile vipande vya mpira vyote kumi na sita. Akavitia kwenye kopo, asivitupe, maana buti zilikuwa za Nayden. Jumamosi atamwambia zilikotumika. Kisha akakiburuza kiti kimoja sakafuni, kutoka mezani hadi dirishani, bila sababu yoyote, ili kukisikia tu. Kililia kama ndama.

Kutoka chini bomba likalia mara moja, kavu. Pigo moja halikuwemo katika mapatano yao. Lakini hilo Parashkeva alilijua tangu Pleven: hebu tulieni. Tseno alikuwa bado hajashuka. Aliinua kiti kwa mikono miwili, akakirudisha mezani huku anacheka, akateleka kahawa ya wawili, yake na ya Tseno.